Amri za Meza Yetu

Biryogo, Alhamisi, baada ya Alasiri

Zaina mwanangu,

Kwa heshima zote, na mbele ya mashahidi wawili ambao ni cherehani zangu, natangaza rasmi kwamba zipu ya begi lako imekubali kufunga. Mazungumzo yalikuwa marefu. Upande wa kushoto ulikuja na masharti yake, upande wa kulia ukagoma kabisa, na Swaibu wa kibanda cha jirani, ambaye hakuna jambo linalotokea mtaa huu bila yeye kusimama kulitazama, akatoa hukumu: "Hii iko nakataa, muzehe. Ishone na uzi tu, watakata na makasi kule Ulaya." Sikumsikiliza. Nimeing'oa zipu yote, nimeweka ile nene tunayoshonea mahema ya harusi, na sasa begi lako linaweza kubeba mbuzi mzima na asitoe hata kwato. Taarifa hii ni ya mwisho na haina rufaa.

Wewe na mama yako mmekwenda Batsinda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hamtaruhusiwa kutoka kabla hamjala, mkapumzika, mkala tena. Kwa hiyo duka ni langu peke yangu. Mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimefunga, na Swaibu nimemwambia naandika mahesabu, maana hilo ndilo jambo pekee linalomfukuza.

Mambo ya koti, ya vidonge, ya kutotembea na pasipoti mkononi kama mtu anayeiuza, mama yako ameshayasema. Yale aliyoyasahau shangazi yako anayasema sasa hivi. Mimi sina la kuongeza upande huo. Nataka kukuambia mambo yangu mwenyewe, na nataka kuyaandika, kwa sababu kesho uwanja wa ndege nitakuwa baba wa uwanja wa ndege: nitashika begi, nitatazama saa, nitakuuliza kama una pasipoti, na ukinijibu nitakuuliza tena. Pale si mahali pa kusema kitu.

Jambo lenyewe ni hili. Kesho unakwenda Ujerumani kwa mwaka mzima wa masomo yako ya lugha, na hadi mwezi uliopita jibu langu lilikuwa hapana. Ile hapana unaijua, ulikuwepo. Ilivyogeuka ndiyo huijui. Niliyowaambia nyumbani yana ukweli wake, lakini niliyapiga pasi mno kabla ya kuyavaa. Leo nimepumua, na mtu aliyepumua anaweza kusema mambo yalivyokuwa na mikunjo yake. Nitafika huko. Kwanza niache nianzie pale nilipoharibu.

Mimi nimezaliwa mtaa huu huu, unajua. Kiswahili sikufundishwa na mtu. Kilikuwa uani, kilikuwa msikitini, kilikuwa kwenye sufuria. Nilipovuka kwenda shule upande wa pili wa mji ndipo nilipojua kuwa kumbe mimi ni Mswahili, na waliokuwa wananiita hivyo hawakuwa wanataja lugha. Walimaanisha mjanja mjanja, mtu wa maneno mengi, mtu ambaye ukishampa mkono inabidi uhesabu vidole vyako. Nilicheka pamoja nao. Ndiyo njia niliyoijua. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimeweka nadhiri kimyakimya kwamba watoto wangu hawataitwa hivyo na mtu yeyote.

Basi ulipoanza shule, nikasimama mbele ya sahani ya wali, nikakohoa kama mbunge, nikatangaza: kuanzia jioni hii, mezani ni Kifaransa. Bibi yako, Mungu amrehemu, akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Na huu wali," akauliza, "umeshaambiwa?"

Mama yako alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka. Nilikuwa na Kifaransa cha darasa la sita, cha kuimba na kukariri, na nikakisimamisha pale mezani kama askari. Mtoto akisema kitu kwa Kiswahili, namrudisha mwanzo. Akikisema kwa Kifaransa kibovu, namsahihisha, mara nyingi kwa Kifaransa kibovu zaidi. Kutoka enzi zile kilichobaki ni neno moja tu: mpaka leo mnaniita Papa.

Kisha ikatangazwa kwamba masomo nchini yatakuwa kwa Kiingereza. Mimi si mtu wa kuachwa nyuma na serikali. Jioni ile ile nikakohoa tena: mezani ni Kiingereza. Sasa, Zaina, Kiingereza changu wakati ule kilitosha kumwahidi mteja kwamba nguo itakuwa tayari kesho. Zaidi ya hapo palikuwa giza. Kwa hiyo tukala. Tukala kama watu waliogombana. Nilikuwa naonyesha chumvi kwa kidevu. Mama yako alikaa siku mbili tatu hivi akivumilia, kisha akasema kwa Kinyarwanda, wazi kabisa, akiivunja sheria mchana kweupe: "Nyumba hii imekuwa kama hospitali saa ya daktari kupita." Nikamwambia awe na subira, lugha huja polepole. Akaniambia hata ugonjwa huja polepole.

Na kama hiyo haitoshi, miaka ikapita, Kiswahili nacho kikapandishwa cheo, kikawa lugha rasmi ya nchi. Siku niliyoisikia hiyo habari redioni niliacha suruali ya mtu kwenye mashini na mguu mmoja. Nilikuja nyumbani mbio. Kuanzia leo, nikasema, na safari hii sauti ilikuwa inatetemeka kweli, mezani ni Kiswahili. Wewe ulikuwa umeshakuwa msichana. Uliinua macho kutoka kwenye sahani, ukasema, "Sawa, Papa." Ukaendelea kula.

Sikuelewa wakati ule. Nilidhani nimewarudishia kitu, nikashangaa hakuna anayekipokea. Kumbe kwa miaka yote ile nilikuwa nimewafundisha jambo moja tu, tena nilikuwa nimelifundisha vizuri: kwamba mezani kwa baba ni mahali pa mtihani. Na mtihani, mtu mwenye akili hujibu kwa ufupi. Nikiingia uani nawakuta mnaongea, mnanyamaza. Nilidhani ni heshima. Niliwaambia watu msikitini, tena kwa kujisifu: "Zaina wangu ni mpole. Hana maneno, yule."

Nikuambie kosa lingine, hili ulikuwa mdogo, pengine hulikumbuka.

Alikuja mgeni mmoja, mama wa kizungu, na kitenge kizuri cha rangi ya samawati, kingi, nikafurahi. Akaanza kunieleza kwa Kiingereza. Akaeleza, akaonyesha kwa mikono, akachora hewani. Mimi nikatikisa kichwa. Kila alipopumzika nilitikisa kichwa. Uso wangu ulikuwa uso wa mtu anayeelewa mpaka yale ambayo hayajasemwa. Hapo hapo nikamwita mama yako aje ampime, mabega, kifua, kiuno, mpaka chini kwenye kifundo cha mguu. Mgeni alishangaa kidogo, lakini akanyoosha mikono. Nikamshonea gauni, Zaina, gauni ambalo mpaka leo sijashona la kulifikia. Alipokuja kulichukua alilitazama muda mrefu, kisha akauliza, kwa upole sana, mapazia yake yako wapi.

Alikuwa anataka mapazia ya sebuleni. Tulimpima kiuno mwanamke wa watu, naye akadhani labda ndivyo Biryogo wanavyopima madirisha.

Alicheka, alilivaa, alileta wateja wengine. Nilinusurika. Lakini nilichojifunza ni hiki, na ndicho cha kwanza ninachotaka uondoke nacho: usitikise kichwa. Utakuwa huko, mtu ataongea haraka, kila mtu mezani atakuwa ameelewa isipokuwa wewe, na shingo yako itaanza kutikisika yenyewe. Ishike. Sema hujaelewa. Utaonekana mjinga kwa muda mfupi tu. Mimi nilitikisa kichwa dakika moja nikamshonea mtu madirisha yenye mikono.

La pili ni la aibu zaidi, na hili hata mama yako nimemwambia nusu tu.

Unakumbuka nilikuwa nasimulia nilivyokwenda Dar es Salaam kununua vitambaa, kabla hujazaliwa, na jinsi nilivyozunguka Kariakoo kama mwenyeji. Nilizunguka, ndiyo. Lakini duka la kwanza nililoingia nilifungua mdomo, nikasema ninachotaka, na kijana wa pale akanisikiliza, akatabasamu, akageuka akamwita mwenzake: "Njoo, njoo umsikie huyu." Hakuwa na ubaya. Alifurahi tu, kama mtu aliyepata redio ya zamani inayofanya kazi. Akaniambia, "Hebu sema tena, kaka."

Sikusema tena. Mimi, ambaye huku kwetu nilikuwa nasifiwa kwa maneno, Mswahili wa Biryogo, nilifika kwa wenye Kiswahili chao nikawa bubu. Siku zote zilizobaki nilinunua vitambaa kwa kidole. Hiki. Hapana, kile. Usiku nililala gesti nikisikiliza watu wakicheka barabarani, nikitamani nyumbani kama mtoto. Niliporudi nilileta vitambaa vizuri na hadithi nzuri, na sikusafiri tena. Swaibu alinialika Mombasa, nikasema mgongo unauma. Rafiki yangu mmoja alinitafutia nafasi ya kujifunza ukataji wa suti Nairobi, nikasema mke ana mimba. Hakuwa na mimba. Alinikasirikia sana alipoisikia kwa watu.

Kwa hiyo usinione mtu wa kukushauri kuhusu ugeni. Ugeni mimi ulinipiga siku ya kwanza nikakaa chini, sikuinuka. Ningekuwa nimebaki pale dukani, nikasema tena kama yule kijana alivyoniomba, pengine tungecheka wote, pengine angekuwa rafiki yangu mpaka leo. Hakuwa ananicheka kunifukuza. Ilinichukua miaka kuona hivyo, na nimeiona nikiwa hapa hapa, nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Wakikuita wenzao waje wakusikie, Zaina, sema tena. Wape na ya ziada.

Sasa utaona kwa nini nilisema hapana.

Ulipotuambia unakwenda chuo kusoma lugha, Kifaransa na Kijerumani, mimi nilikuwa nimejiandaa kwa uhasibu. Mama yako alikuwa amejiandaa kwa uuguzi. Swaibu hakuwa amejiandaa kwa lolote, lakini ndiye aliyeongea wa kwanza: "Mtoto wako iko naenda chuo kusoma kuongea? Sisi hapa tunaongea bure, na hakuna mtu anatupa shahada." Nilikutetea, nilisema utakuwa mkalimani wa mikutano mikubwa. Lakini moyoni nilijiuliza mtoto mpole vile atafanya nini na lugha zote hizo. Ni kama kumnunulia mtu asiyekula sahani za wageni. Na Kijerumani chenyewe mimi nakijua maneno mawili, shule na hela, ambayo Wajerumani waliyaacha hapa walipoondoka. Angalau inaonyesha walijua kipi cha kuacha.

Kisha ukaja hapa dukani, nilikuwa nashona vifungo. Nakumbuka kwa sababu kile cha tatu nilikishona juu ya cha pili.

"Papa, kozi yetu ina mwaka mmoja wa kusoma nje."

"Nje wapi?"

"Ujerumani. Mji unaitwa Leipzig. Nimechaguliwa."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka wa masomo."

"Na ukiumwa?"

"Kuna daktari, Papa."

"Na ukitaka kusema kitu, huna mtu?"

"Nitasema. Si ndiyo kazi yenyewe?"

Jibu hilo lilipaswa kunifungua macho. Badala yake niliona mbele yangu duka la Kariakoo, nikamwona mtoto wangu anaonyesha mkate kwa kidole. Mimi nilikuwa na maneno ya kujaza gunia na ugeni ukanyamazisha yote. Wewe uliyekuwa na maneno matatu kwa siku, mwaka mzima ungekubakizia lipi? Nikasema hapana. Ukasema, "Sawa, Papa." Kisha ukasimama pale mlangoni, ukaongeza kitu ambacho hukuwa na haja ya kukiongeza, maana una umri wako na ungeweza kwenda bila mimi: "Madamu wetu anataka mzazi aje aweke sahihi. Mama anaweza kuja. Lakini mimi bila wewe siendi."

Hukulia. Ningejua la kufanya ungelia. Ulirudi nyumbani ukapika maharagwe.

Usiku ule mama yako alinigeuzia mgongo, kisha akageuka tena kwa sababu alikuwa na swali.

"Umemkatalia kwa nini?"

"Ni mpole mno. Ugenini atanyauka."

"Zaina? Mpole?"

"Si unamwona mezani?"

"Mezani," akasema. "Wewe unaishi nyumba gani?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, ila kesho kutwa nivae suti niende nimwone huyo madamu, nimwambie mwenyewe kwa mdomo wangu, nisimwachie mtoto aende kujikatalia. Hilo niliona ni haki. Mtu akishona vibaya, amkabidhi mteja mwenyewe.

Kabla sijafika huko chuoni, niseme hili moja, kisha basi.

Ukipiga simu kutoka huko, usinisomee taarifa ya habari. Nimekula, nimelala, baridi ipo, masomo yanaendelea. Hizo mpe shangazi yako, yeye huziandika. Mimi niambie upuuzi. Niambie jirani anayeimba bafuni, mzee aliyekugombeza kwa sababu umetupa chupa kwenye pipa lisilo lake. Changanya lugha zote upendavyo, kama mnavyofanya uani nikiwa sipo. Sitakusahihisha. Nikianza kukusahihisha, kata simu, nitajua. Na ukirudi umebadilika, mimi nitakuwa na kazi ya kukuzoea, si wewe. Umbile la mtu likibadilika fundi hamlaumu mtu, anapima upya. Mezani amri nimeifuta. Nimemwambia mama yako, akasema ilikufa siku nyingi, mimi tu ndiye sikuhudhuria mazishi.

Haya. Chuoni.

Niliyowaambia nyumbani ni kwamba nilimkalisha madamu wako chini, nikamuuliza maswali ya usalama, ya chakula, ya mahali pa kuswali, mpaka akatoka jasho, na kwamba majibu yake yaliniridhisha ndipo nikaweka sahihi kama mzazi mwenye busara. Swaibu amekuwa akiisimulia hiyo mtaani, na kwake madamu siku hizi analia. Hakulia. Sikumuuliza hata swali moja. Ilikuwa hivi.

Nilipanda pikipiki nikiwa na suti yangu ya kijivu, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya kusema hapana kwa adabu. Nilifika mapema. Mlinzi alinionyesha jengo, mwanafunzi mmoja akanionyesha benchi kwenye korido, akaniambia madamu yumo darasani, nisubiri. Mlango wa darasa ulikuwa umeachwa wazi kidogo, labda kwa ajili ya joto. Nikakaa.

Ndani palikuwa na msichana anaongea. Kijerumani, nilikisia, kwa sababu sikuelewa hata neno. Lakini alikuwa anasimulia kitu, hilo lilikuwa wazi hata kwa mbuzi. Alikuwa na watu wawili ndani ya hadithi yake, mmoja anayenung'unika kwa sauti ya chini na mwingine mwenye sauti nyembamba, mjanja, anayemjibu. Alikuwa anakwenda haraka, anapunguza, anasimama kabisa, unasikia darasa zima limeshika pumzi, kisha anaachia neno moja dogo, na wote wanaangua kicheko. Sauti yake ilikuwa na mwili. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekaa kwenye kiti chake na kukijaza.

Nilijikuta natabasamu peke yangu pale kwenye benchi. Kisha nikaona wivu. Nikawaza: huyo sasa. Huyo hata umpeleke mwezini, atapata wa kumsikiliza. Wazazi wake wanalala usingizi mzuri, hawajui bahati waliyonayo. Nikakuwazia wewe na "Sawa, Papa" yako, na moyo ukaniuma, nikaona nimefanya vizuri kuja kukukatalia.

Madamu wako alikuwa amekaa nyuma ya darasa, akaniona kupitia ule upenyo, akatoka taratibu bila kuwakatiza. Alikuwa na miwani kichwani na Kiswahili cha Kampala.

"Karibu muzehe. Unatafuta nani?"

"Mimi ni baba yake Zaina. Nimekuja kwa habari ya ile sahihi."

"Ah, baba Zaina. Karatasi ninayo hapa, tulikuwa tunakungoja wewe tu."

"Madamu, subiri kwanza. Nimekuja kusema hapana." Nikaendelea kama nilivyojizoeza juu ya pikipiki. "Si kwamba nadharau. Zaina ni mtoto mpole sana, hana maneno. Ugenini atateseka. Hiyo nafasi yake mpeni mwenye uwezo nayo." Nikaonyesha mlango. "Mpeni kama huyu anayeongea humu. Mtoto kama huyu ndiye wa kupelekwa."

Madamu alinitazama muda mrefu, kama mtu anayesubiri mwenzake acheke kwanza.

"Muzehe," akasema, "huyo ndiye Zaina."

Nikasema hapana. Ile hapana niliyotoka nayo nyumbani, niliyoivalia suti, hapo ndipo nilipoitumia.

Akausukuma mlango kwa ncha ya vidole. Ulikuwa umesimama umetugeuzia mgongo, mikono yako yote miwili iko hewani. Niliitambua blauzi kabla sijakutambua wewe. Mshono ule wa bega ni wangu. Kisha ukageuza kichwa kidogo kumtazama mmoja wa wenzako, nikaona shavu, nikaona unavyocheka kwa upande mmoja wa mdomo. Sijui kama nimewahi kukuona unacheka hivyo. Nimekulisha, nimekuvisha, nimekusahihisha kwa lugha tatu, na nilikuwa sijawahi kukusikia.

Niliketi tena kwenye benchi. Madamu akanipa karatasi na kalamu, nikasaini juu ya goti langu, na sahihi iliyopo pale haifanani na sahihi yangu yoyote; wakiuliza huko uendako, waambie baba yako alikuwa anashuka kilima. Sikuuliza habari za chakula. Sikuuliza habari za baridi. Nilikuwa najifuta uso kwa tai niliyovaa na ile suti.

Ndani ulikuwa umeanza hadithi nyingine. Wenzako walikuwa wameshaanza kucheka kabla hujafika popote.

"Nimwite aje akusalimie?" madamu akauliza.

"Mwache, madamu," nikasema. "Mwache amalize."

Baba yako